Majora Manane ya Tausi

Jumatatu, 9 Machi

Siku kubwa! Mama Pokuaa amekubali. Sawa, hajakubali moja kwa moja. Lakini ametaja tarehe, na kwa yule mama kutaja tarehe ni nusu ya harusi.

Miaka mitano nimekuwa nikija mtaa huu wa Bantama, Kumasi, kumwona binti yake Dufie. Miaka mitano ya kukaa ukingoni mwa kiti, kusifia supu na kuulizwa kazi yangu hasa ni ipi. Leo mama kasema Jumamosi tarehe 21 ndugu zangu waje wagonge mlango, na chupa zao za kinywaji, wamwombe Dufie rasmi.

Kuna sharti dogo. Kosa ni la mdomo wangu. Tulikuwa tunakula fufu na supu ya mbuzi, nikanogewa, nikasema mimi ndiye niliyebandika karatasi za ukuta hoteli nzima kule Takoradi. (Nilishika ngazi. Siku mbili.) Mama akalamba vidole taratibu, akaitazama sebule yake, akasema vizuri sana, basi nibandike na hii kabla ya siku ya wageni. Ikiwa tayari, tutagonga naye atafungua. Isipokuwa tayari, tugonge tu mpaka mikono ivimbe.

Dufie akanipiga teke chini ya meza. Nadhani ni furaha.

Jumanne, 10 Machi

Kupima. Mwalimu Sefa alinisubiri mlangoni na futi yake ya chuma, ile ya kuvuta na kurudi yenyewe, chwaap! Huyu Sefa ni mpangaji wa chumba cha nyuma. Anafundisha hisabati. Hana mke. Mashati yake yamepigwa pasi hata siku ya kufua. Redio ya Dufie anaitengeneza mara nyingi kuliko inavyoharibika.

Akaniambia, kaka, chukua hii, itakusaidia. Nikamwambia asante, mafundi wa Takoradi hatutumii vidude.

Nikamwomba Mama Pokuaa kile kijiti chake cha yadi. Anauza vitambaa sokoni mwaka wa thelathini sasa. Akikutazama tu, unajua kiuno chako kimeshapimwa. Alinipa kijiti kwa shingo upande, utadhani nimemwomba jino.

Nilianguka kigodani mara mbili. Mara moja tu niliumia. Dufie aliandika namba, akicheka na penseli mdomoni, na mimi nikasahau ukuta wa pili ulikuwa na yadi ngapi, ikabidi nianze upya. Jibu: toka sakafuni hadi darini, kuzunguka chumba, ukitoa mlango na dirisha, vipande thelathini. Jora moja la karatasi linatoa vipande vitatu. Kwa hiyo majora kumi.

Sefa akachungulia dirishani bila kualikwa. Kasema kama karatasi ina maua ninunue kumi na moja, maana maua lazima yakutane. Nikamwambia hatutaki maua. Akaenda zake.

Alhamisi, 12 Machi

Nimeamka na akili! Sijawahi kuwa na akili kama ya leo, na nilikuwa bado sijanywa uji.

Kumi ni hesabu ya mtu asiyejua soko. Kwanza, lile kabati la vioo. Kubwa, zito, limekaa ukuta ule ule tangu mama aolewe. Linaficha vipande vitatu kamili. Nani anapamba mgongo wa kabati? Toa jora moja. Yamebaki tisa.

Pili, nyongeza! Nani Kumasi hii amewahi kununua machungwa kumi akapewa kumi? Ukinunua bakuli la mchele, muuzaji anajaza, anajaza tena, halafu anakumwagia konzi ya nyongeza. Mama Pokuaa mwenyewe akikata yadi sita, anasogeza mkasi mbele kiganja kizima. Muuzaji asiyeongeza hamrudii. Sasa kwa nini ninunue tisa, halafu nikiongezwa niwe na kumi, moja la kazi gani? Nanunua manane. La tisa linakuja lenyewe. Nimeitoa nyongeza mapema, basi.

Nimemweleza Dufie. Akauliza, na asipoongeza? Nilicheka hadi nikakohoa. Akauliza tena, Yaw, na asipoongeza? Nikamwambia wanawake wana wasiwasi sana.

Kwa pesa nilizookoa hapo nimenunua makubazi meusi ya sherehe. Makubwa, ya heshima. Nikitembea yanasema pwata, pwata. Kama chifu kabisa.

Jumamosi, 14 Machi

Duka la Mzee Larbi. Na hapo, juu kabisa ya rafu: tausi! Tausi wa dhahabu kwenye kijani, mikia imefumuka, wanatazamana wawili wawili. Ni wao! Yalikuwa majora kumi, ya mwisho mjini. Nikachukua manane, kwa kujiamini.

Halafu nikatabasamu, nikasema mzee, na nyongeza yangu?

Mzee Larbi naye akatabasamu. Akainama chini ya meza. Moyo dududu. Akaibuka na brashi.

Nikamwambia hapana mzee wangu, nyongeza ya jora. Akavua miwani. Akauliza kwa sauti ya duka zima kama nikinunua jokofu nategemea kuongezwa jokofu dogo. Watu walicheka. Kuna mtawa mmoja alikuwa anachagua vitasa, naye alicheka, tena yeye zaidi.

Nimemwambia Dufie nyongeza inakuja Jumanne, ina utaratibu wake. Sina hofu. Rafuni yamebaki mawili tu. Nani mwenye akili timamu atanunua majora mawili? Kupamba nini, choo? Nitamwacha mzee apoe, kisha nirudi na tabasamu lingine.

Jumapili, 15 Machi

Kanisani nimewaombea tausi. Tukitoka, Mama Pokuaa kanishika kiwiko, akauliza nimenunua majora mangapi. Nikasema ya kutosha, mama. Akasema hakuuliza yanatosha, ameuliza mangapi. Nikasema manane.

Akatazama juu, paa la kanisa. Akanitazama mimi, toka utosini hadi makubazi. Akasema, "Aha."

Ilikuwa aha nzuri. Nadhani.

Jumanne, 17 Machi

Msiba! Yale mawili yamenunuliwa!

Mzee Larbi kasema ni mama mmoja wa makamo, mfupi, macho makali. Alikuja jana asubuhi kabla hajafungua vizuri. Alipatana naye hadi mzee akatoka jasho, na bado akaondoka na brashi mbili za nyongeza. Mbili!

Mwanamke mchoyo! Mnyang'anyi! Majora mawili ya kazi gani? Sijui unakaa wapi mama wewe, lakini naomba tausi wako wabanduke mmoja mmoja, wakuangukie kwenye supu.

Hata hivyo nimeanza kubandika. Kipande cha kwanza, safi. Cha pili, safi. Cha tatu nilikiona cha ajabu lakini nikaendelea. Sefa alipita na ndoo yake, akasimama, akauliza kwa upole kama wale wa kushoto wamelala. Walikuwa miguu juu. Nimewabandua. Wawili wameumia mikia.

Alhamisi, 19 Machi

Ukutani pamenoga! Nasema mwenyewe, na Dufie kasema pia, na paka amekaa anawatazama tausi tangu asubuhi anatafuta pa kurukia. Kuta tatu zimekamilika. Dufie alishika brashi ya Mzee Larbi akaifanya kipaza sauti, akaniimbia, akacheza sebule nzima na gundi puani. Nampenda huyu mwanamke jamani. Nikimkosa Jumamosi sijui nitakuwa mtu wa namna gani.

Hesabu ya leo. Vipande vilivyobaki bila karatasi: sita. Vitatu nyuma ya kabati, havina shida. Vitatu karibu na dirisha. Hapo nimetumia ujanja wa Takoradi: nimeirefusha fimbo ya pazia na kulitandaza pazia kushoto na kulia hadi likameza vitatu vyote. Nani atajua? Nimemaliza! Majora manane, sebule nzima! Sefa na kumi na moja yake!

Mama Pokuaa karudi sokoni, akazunguka chumba akipapasa ukuta kwa kiganja kama anavyopapasa kitambaa. Akafika dirishani, akasimama.

"Dirisha langu limenenepa," akasema.

Nikamwambia ndiyo mtindo mpya. Akasema aha. Hizi aha zake nimeanza kuzihesabu.

Ijumaa, 20 Machi

Nilikwenda kunyolewa. Saa moja tu! Nimerudi, kabati halipo.

Nasema halipo! Viti vya wageni havikuenea, mama aliagiza asubuhi kabla ya kwenda sokoni, kaka zake wanne wamekuja wakalibeba hadi ukumbini. Na pale lilipokuwa: ukuta mtupu, wa manjano, mpana vipande vitatu, katikati ya tausi wote. Kuna kalenda ya zamani sana na mjusi mkavu. Ndipo hasa macho ya mgeni yanapoangukia akiingia.

Dufie alikuwa amekaa sakafuni, machozi yanamtoka, anacheka hashikiki. Akasema tumwambie mama kabla wageni hawajaja, mama hang'ati. Nikasema kamwe! Nimengoja miaka mitano, nisikataliwe kwa sababu ya mjusi.

Nikakusanya vibaki vyote vya juu ya mlango na chini ya dirisha. Kichwa hapa, mkia pale, bawa popote panapokaa. Gundi ikaisha katikati. Nikapika uji wa muhogo, mwepesi, nikapaka. Umeshika! Umeshika kiasi. Kuna tausi mmoja ana vichwa vitatu na hana mguu, lakini ukisimama mbali na kukunja macho, anapendeza.

Sefa alikuja na futi yake tena. Kaniambia nisimchukulie vibaya, yeye anaoa Agosti, mwalimu mwenzake wa Obuasi, angependa tu kunisaidia. Nimemjua! Anajifanya. Nani anaoa Agosti na mvua zile?

Jumamosi, 21 Machi

Naandika nikiwa na muhogo nyusini. Sijui nianzie wapi.

Tulifika asubuhi. Mjomba Gyambibi, kaka wa mama yangu, ndiye msemaji wetu. Shangazi wawili, chupa zimefungwa utepe. Mimi nimejifunga nguo ya heshima, bega moja wazi, makubazi pwata, pwata. Tukagonga. Mlango ukafunguliwa! Nikaona tausi, nikaona ndugu wa Dufie wamejaa kuta tatu, nikaona ukuta wa nne, na pembe moja ya karatasi imeanza kujikunja.

Upande wetu wakaketi. Mimi nikaenda moja kwa moja ukutani, nikasimama mgongo juu ya vichwa vitatu, nikatandaza nguo kama kuku anayelalia mayai. Mjomba akaninong'oneza, we Yaw, keti! Nikamtikisia kichwa. Shangazi akanong'oneza kuna nini, ana jipu? Mjomba akaanza hotuba yake. Tumepita njiani, tumeona ua zuri katika nyumba hii. Mimi nasikia uji unalegea. Watu arobaini wanapumua, joto, tausi wananigusa shingo mmoja mmoja. Nikapitisha mkono wa kulia nyuma, nikabana.

Ndipo wenyeji wakainuka kutusalimu. Kuanzia kulia, mkono kwa mkono, kila mtu. Wa mbele yao ni Mzee Donkor, kaka mkubwa wa Mama Pokuaa, ambaye hata kikohozi chake kina adabu. Akapita kwa mjomba. Akapita kwa shangazi. Akafika kwangu. Akanyoosha mkono.

Mkono wangu wa kulia umeshika ukuta.

Nikampa wa kushoto.

Mjomba Gyambibi akajifunika uso kwa nguo yake. Shangazi akasema Yesu wangu. Mkono wa kushoto, kwa Mzee Donkor, siku ya kugonga mlango! Mzee akautazama ule mkono kana kwamba nimempa panya. Akauliza, pole pole, kama nimekuja kuoa au kumtukana katika nyumba ya dada yake.

Ningefanya nini? Nikamtolea wa kulia.

Ukuta ukashuka. Wote! Mabawa, mikia, vichwa vitatu, mjusi mkavu ambaye nilimsahau. Viliniangukia mimi, mzee na chupa mbili. Mzee Donkor akabaki na mkia wa dhahabu kichwani, uji unamtiririka masikioni, mkono bado ameunyoosha. Nikaushika. Sikujua la kufanya, nikautikisa tu, nikaendelea kuutikisa.

Hakuna aliyecheka. Mama Pokuaa akainuka, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Nikajua basi. Miaka mitano imekwisha kwa jora moja. Nilimtazama Dufie pale alipokaa na shangazi zake, na nasema ukweli hapa kwa kuwa hakuna anayesoma, sikuwaombea tausi tena, nilijiombea mimi.

Mlango ukafunguka. Mama akatoka, na kwapani majora mawili. Kijani. Tausi wa dhahabu.

Akasema ameuza vitambaa miaka thelathini, na mteja akimwambia "ya kutosha" hujua hapo hapo kwamba yamepungua. Akasema kijana huyu alipimwa Jumapili kanisani, akaonekana amepungua majora mawili. Akanitupia yote kifuani.

"Nyongeza yako hiyo," akasema. "Na ubandike kwa gundi, baba. Muhogo tunakula."

Mzee Donkor ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mkia ukamdondoka. Kisha nyumba nzima. Mjomba akajifunua uso akauliza kumetokea nini, akaambiwa, akacheka kuliko wote, nilimwona.

Wakaketi tena, mambo yakaenda kama inavyotakiwa. Mama akamsimamisha binti yake mbele ya watu. Dufie, vinywaji hivi vya watu hawa, tuvipokee? Dufie akasema pokeeni. Mara ya pili, tuvipokee? Pokeeni. Mara ya tatu, mama akasema angalia vizuri kwanza yule pale ukutani. Dufie akaangalia vizuri. Akajizuia, akashindwa.

"Pokeeni," akasema huku anacheka, "lakini futi atashika Mwalimu Sefa."

Vigelegele! Sefa mwenyewe alikuwa dirishani, akapiga makofi. Mimi nililia. Ni uji uliingia machoni, kwa kiasi fulani.

Jumapili, 22 Machi

Nimelala vizuri, nimetuliza kichwa, nimerudia hesabu yote tangu mwanzo. Nane, ongeza mbili. Kumi! Kumi kamili, kama nilivyopima kwa kijiti! Na nani alisema nyongeza itakuja? Mimi. Nilitegemea moja, zimekuja mbili. Kosa lilikuwa la kabati.

Ile dua kuhusu mama mchoyo na supu nimeiondoa rasmi. Ni mama mkwe.

Leo asubuhi baada ya ibada nimebandika ukuta wa nne, na vile vya dirishani, kwa gundi. Sefa alipima, nilimruhusu kwa sababu ni siku ya Mungu. Pazia limerudia mwili wake. Mama Pokuaa kapapasa ukuta, kanipakulia nyama mbili bila kuniuliza kazi yangu ni ipi. Lakini futi wamenificha. Nimeitafuta hata chini ya kitanda cha Sefa.

Haidhuru, sihitaji futi. Kesho naenda kwa sonara kuagiza pete ya Dufie. Alipitiwa na usingizi kitini baada ya chakula, nikazungusha uzi kidoleni mwake taratibu, nikaukata pale ulipokutana. Kipimo safi kabisa.

Halafu nikaukata tena, nikapunguza kidogo. Sonara wa Kumasi hakosi kuongeza.